Mikono niliyoihesabu

Asubuhi gari la shule limepiga honi getini, mwanangu keshavaa begi. Baraka wa jirani alikuwa anapita kwa miguu, fagio kwapani, kidumu cha maji mkononi.

"Mama, mbona Baraka hapandi gari letu?"

Nikamwambia awahi, dereva anasubiri.

Kile kidumu kimenirudisha 2002, hapa hapa Moshi. MMEM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilikuwa ndiyo imeanza, ada imefutwa, watoto wamemiminika shuleni hadi wengine wanakaa sakafuni. Wazazi wakaitwa mkutano chini ya mjohoro. Hoja ilikuwa moja: tuisheni kuanzia saa tisa alasiri, shilingi 200 kwa wiki, kwa anayeweza.

Baba alisimama na shati lake la kazini. Akasema wanaoweza wasizuiwe, msongamano huu utawaangusha watoto wote.

Mama Upendo, muuza ndizi wa Kiboriloni, akainua mkono. Upendo ndiye niliyekaa naye dawati moja.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, Baba Neema. Atakayefundisha saa tisa ni mwalimu huyu huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ubao ni huu huu?"

"Ndiyo."

"Sasa hayo ya saa tisa, kwa nini yasifundishwe saa nne, wote wakiwepo?"

Hakuna aliyejibu. Nakumbuka mbuzi akilia huko nyuma ya vyoo, na mwalimu akifuta chaki iliyokuwa imeshakauka vidoleni. Kisha akasema tupige kura, akaniita mimi, kiranja wa darasa la sita, nihesabu mikono. Nikapita kati ya viti. Wa baba ulikuwa juu kabisa, nikauanza huo: moja. Nilipofika kwa Mama Upendo, mikono yake ilikuwa mapajani, imeshika fundo la khanga. Aliniangalia bila hasira, kama anayeangalia mtoto wake. Nikampita. Mikono 41.

Tuisheni ikaanza Jumatatu. Saa tisa Upendo alikuwa anabeba daftari lake anaondoka, mimi nabaki. Mwaka uliofuata nilichaguliwa kwenda sekondari, yeye hakuchaguliwa. Huenda hata bila tuisheni ingekuwa hivyo. Hilo nimejiambia mara nyingi, na halijawahi kunituliza.

Siwezi kumlaumu baba. Shilingi zile alizitoa kwenye mshahara wa karani, kwa kunipenda. Nami ada ninayolipa leo naitoa kwa kupenda vile vile, wakati Baraka anasoma bure, tena darasa moja na watoto wengi kuliko sisi tulivyokuwa.

Jioni mwanangu atauliza tena. Namjua.