Lile geti la lifti

Nimemaliza kuangalia The Maltese Falcon sasa hivi. Nyumba nzima wamelala, mimi usingizi umeruka.

Ni filamu ya mwaka 1941, nyeusi na nyeupe, kutoka riwaya ya Dashiell Hammett ya 1930. Ndiyo filamu ya kwanza John Huston kuiongoza. Ya kwanza, jamani!

Humphrey Bogart ni Sam Spade, mpelelezi wa San Francisco. Mwenzake wa ofisini anapigwa risasi usiku, na watu wanaanza kugombania sanamu ya ndege inayosemekana ni ya dhahabu.

Yule bwana mnene, Sydney Greenstreet, ameisaka miaka 17. Anaipata, anaikwangua kwa kisu kidogo, mikono inatetemeka.

Dhahabu hakuna.

Lakini kilichonishika ni mwisho. Brigid, mteja wa Spade, yaani Mary Astor, ndiye aliyemuua yule mwenzake Spade wa ofisini. Spade anampenda, naamini kabisa anampenda, na bado anamkabidhi kwa polisi.

Anaingizwa kwenye lifti. Geti la chuma linafungwa, na kivuli cha nondo zake kinamkata usoni.

Halii. Anatazama mbele tu, macho yamejaa.

Halafu lifti inashuka.

Nimerudisha nyuma kipande hicho mara tatu. Gereza lenyewe halionyeshwi, ila mimi nimeshaliona.

Mlioiangalia, niambieni: ungekuwa wewe Spade, ungemkabidhi kwa polisi?

Mimi nadhani ningeshindwa.