Chokaa ya Babu na Tangi Langu la Matumbawe

Kila siku ya nne, nikishasali magharibi, nakoroga chokaa. Natia gramu 90 kwenye pipa la lita 50 la maji yaliyochujwa, nakoroga kwa mwiko wa mti dakika mbili tatu, nafunika pipa, naondoka. Usiku kucha ule unga usioyeyuka unatua chini. Asubuhi maji ya juu ni maangavu, unaona mpaka kitako cha pipa, na hayo ndiyo yanayojenga mifupa ya matumbawe yangu.

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Tanga, nyumba yetu iko Chumbageni. Sebuleni, ukutani palipokuwa na kabati la vyombo, pana tangi la kioo la urefu wa sentimita 240, upana 75, kimo 60. Chini yake, ndani ya meza ya chuma niliyoichomelea mwenyewe, pana tangi la pili la kuchujia. Jumla ya maji yanayozunguka ni kama lita 1,200, kwa hiyo ni zaidi ya tani moja imekaa juu ya sakafu. Kabla ya yote nilivunja sakafu ile na kumwaga zege upya lenye nondo. Mke wangu alinivumilia miezi miwili ya vumbi, na namshukuru mpaka leo.

Wageni huuliza samaki. Watoto wa mtaani huuliza kama nina silikanti, maana wamesikia shuleni kwamba wavuvi wetu walianza kuwatoa mwaka 2003, na kwamba mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapa Tanga. Nawaambia silikanti ni mkubwa kama mtu na anakaa kwenye kina kirefu chenye giza na ubaridi, kioo changu hakimfai. Lakini natamani mtu mmoja aniulize kuhusu chokaa, maana humo ndimo mambo yote yalimo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchoma chokaa, kusini ya mji, njia ya kwenda Pangani. Alinipeleka tanuuni mara nyingi nikiwa mdogo. Walipanga magogo ya mikoko na minazi kwa duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha, na moto ukala usiku kucha mpaka kesho yake. Jiwe likitoka motoni limekuwa jepesi. Ukilimwagia maji linafuka mvuke, linapasuka lenyewe, linageuka unga mlaini. Kwa unga huo pwani yetu ilijenga nyumba, misikiti na makaburi ya wakubwa. Kilichotokea tanuuni nilikuja kukielewa baadaye: tumbawe ni kalisiamu kaboneti, moto mkali unafukuza hewa ya kaboni, inabaki chokaa mbichi, maji yakiingia inakuwa kalisiamu hidroksaidi. Huo unga ninaoupima kila siku ya nne ndio uleule, ila wangu umetengenezwa kiwandani, safi wa kiwango cha chakula.

Mama yangu, ambaye anakula tambuu tangu nimjue, alikaa kwenye kiti mbele ya tangi siku moja akaniangalia nikipima. Akasema, "Babu yako aliyachoma, wewe unayalisha." Kisha akanipa kikopo chake cha chokaa ya tambuu nikitumie. Nilikipokea kwa mikono miwili lakini sikukitia kwenye maji. Chokaa ya tambuu, kama ile ya kupakia ukuta, huwezi kujua imechanganywa na nini.

Sasa kazi yenyewe. Tumbawe gumu linapokua linavuta kutoka majini vitu viwili kwa pamoja, kalisiamu na kaboneti. Baharini hakuna kinachopungua, bahari ni kubwa. Kwenye lita 1,200 kila siku kinapungua. Mimi nashika kalisiamu kwenye miligramu 420 kwa lita, na alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti majini, kwenye digrii 8 hadi 8.5 kwa kipimo kiitwacho dKH. Wakati wa kaskazi maji kama lita 12 hupotea hewani kwa siku. Kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo lazima urudishe maji yasiyo na chumvi. Hapo ndipo chokaa inapopata njia: badala ya kurudisha maji matupu, narudisha maji ya chokaa. Lita 12 zilizoshiba chokaa zinanirudishia takriban digrii 1.1 ya alkaliniti na miligramu 8 za kalisiamu kwa kila lita ya tangi. Kwa matumbawe niliyonayo, hiyo inatosha bila mashine nyingine yoyote.

Lakini maji hayo yana pH ya zaidi ya 12. Yanaunguza macho na ngozi. Yanatakiwa kuingia tone kwa tone, mahali penye mkondo mkali, na zaidi usiku, saa ambazo pH ya tangi inashuka kwa kuwa taa zimezimwa. Na pipa lifunikwe, maana hewa ikiingia juu panaota utando mweupe kama wa uji uliopoa, na huo utando ni chokaa iliyokwisha kurudi kuwa jiwe.

Nilijifunza ukali wake mwaka wa pili. Swichi ya boya, ile inayowasha pampu ndogo maji yakipungua, ilikwama usiku. Konokono alipanda akakaa chini ya boya lenyewe, likaning'inia, pampu ikadhani tangi linakauka. Niliamka kwa adhana ya alfajiri nikakuta tangi jeupe kama tui la kwanza. Lita 40 zilikuwa zimeingia. Chumvi ilishuka kutoka gramu 35 kwa kilo ya maji hadi 34, hiyo si hoja, lakini pH ilisoma 9.1. Kijana wangu alikimbia dukani kabla halijafunguliwa, akamwamsha mwenye duka, akaja na chupa za maji ya soda. Yale mapovu ni hewa ya kaboni, ndiyo hasa inayotakiwa kuituliza chokaa. Niliyamimina kwenye tangi la chini kidogo kidogo huku nasoma kipimo, saa nzima. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa meupe kidogo tu. Nilipoteza vichwa vya matumbawe mawili ya matawi, na samaki mmoja, mdogo wa manjano, aliyekuwa kipenzi cha binti yangu. Siku hizi nina maboya mawili, la pili juu ya la kwanza, yote mawili ndani ya bomba lenye matundu ambamo konokono hapenyi, na saa ya umeme inayoruhusu pampu kufanya kazi dakika chache tu kila saa. Kimoja kikikwama kingine kinazuia. Ukitaka kujenga tangi, anza na hilo kabla hujanunua samaki hata mmoja.

Pigo la mwanzo kabisa lilitoka kwenye ufundi wangu mwenyewe, na bado linaniuma. Miaka 25 nimefanya kazi na shaba. Mrija wa shaba kwangu ni kama uzi kwa fundi cherehani. Joto la sebuleni kwetu mwezi Februari linafika 33, na pampu na taa nazo zinaongeza, kwa hiyo tangi lisipopozwa linapita 30. Nikatengeneza chila: kompresa ya friji, gesi R134a, na koili. Koili ya majini nilijua haiwezi kuwa shaba, nikaagiza ya titani. Nilijipongeza. Ila kwenye bomba la kurudishia nilifunga koki moja, shaba njano, ya nusu inchi, kwa sababu ilikuwepo mfukoni. Baada ya wiki tatu kamba wote walikufa. Kisha konokono wakaanza kudondoka kutoka kwenye kioo. Samaki wazima, wanacheza. Nilipima kila kitu isipokuwa shaba. Nilipofungua ile koki ndani ilikuwa kijani kibichi. Shaba kidogo sana, ambayo samaki haijui, inamuua kamba, konokono na tumbawe. Niling'oa koki, nikabadilisha maji mara sita, nikatia mkaa wa kuchujia, na sikurudisha kiumbe asiye na uti wa mgongo kwa miezi minne. Sasa karibu na tangi hapaingii kitu cha shaba, hata pete ya kidoleni naivua.

Chila yenyewe inafanya kazi vizuri. Nimeiweka nje ya dirisha ili joto lake lisirudi ndani, themostati imesetiwa 26.5. Heta sina, Tanga hatuna haja nayo. Bahari yetu yenyewe inakwenda kama 25 mwezi wa Agosti na 29 au zaidi kidogo Machi. Mwaka 1998 maji ya pwani hii yalipopata moto kuliko kawaida, matumbawe yalipauka na mengi yakafa. Digrii moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, ikikaa majuma, inatosha. Ndiyo maana nikisikia kompresa imenyamaza muda mrefu naamka kuangalia.

Umeme ukikatika, chila inazimika na pampu kubwa nayo. Maji ya juu yanateremka mpaka usawa wa tundu la bomba, lita kama 45, na tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea. Nimechora mstari mwekundu kwa kalamu ya wino usiofutika. Maji ya kawaida yasivuke mstari. Kinachoua haraka ni kukosa hewa. Pampu mbili za mkondo, wati 25 kila moja, nimezifunga kwenye betri ya Ah 200, zinanipa karibu siku nzima bila kuimaliza betri. Joto nalipunguza kwa chupa za maji zilizoganda. Fundi friji hakosi jokofu la kugandisha. Waya zote zinashuka chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika, na nyumba ina swichi ya kukata umeme unapovuja. Chumvi inatambaa kila mahali. Kila Ijumaa asubuhi nafuta mapito yake kwa kitambaa chenye maji matamu.

Maji ya chumvi nayachota baharini, sinunui chumvi ya pakiti. Naenda na nahodha mmoja siku za bamvu, maji yamejaa, mbali na ghuba, madumu kumi ya lita 20. Wakati wa masika siendi. Mto Zigi unamwaga ndani ya ghuba, na mwezi Mei nimewahi kupima 30 pale ambapo Januari palikuwa 35. Kwa hiyo kaskazi inapotulia najaza tangi la plastiki la lita 1,000, jeusi, lililofunikwa, akiba ya miezi ya mvua. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, naisawazisha kwanza kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35, siyo kwa maji ya bomba. Hilo nalisema kwa sababu nimeona mtu akiua tangi zima kwa kifaa alichokiamini.

Matumbawe yenyewe hayakutoka kwenye miamba yetu, hata kipande. Yalizalishwa kwenye matangi, yakaja madogo kama ukucha, na karatasi zake za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana matumbawe magumu yamo kwenye orodha yake ya pili. Nimemwona babu akichoma miamba mizima, alikuwa anatafuta riziki na hakuna aliyemwambia vingine, lakini mimi nimeambiwa. Nahodha aliniletea tumbawe siku moja kama zawadi, limevunjwa asubuhi ile, bado lina ute. Tulirudi naye mpaka alipolitoa. Hakufurahi, na sisi ni marafiki mpaka leo.

Mawe ndiyo ya kwetu. Nyumba ya babu ilipoanguka, ukuta wa nyuma ukabaki kifusi, mawe ya tumbawe la kale yaliyoshikwa kwa chokaa yake mwenyewe. Nilichagua kilo 90. Nikagonga plasta kwa patasi wiki mbili, nikayaloweka maji safi miezi minne, nikibadilisha kila Jumapili mpaka fosfeti, mbolea inayootesha mwani, ilipoacha kupanda. Jiwe moja, kubwa, lilikataa kuachia kipande cha plasta upana wa kiganja. Nilipima, halikutoa kitu kibaya, nikaliacha hivyohivyo katikati ya tangi.

Juu ya jiwe hilo nilibandika kipande cha Montipora, aina ya tumbawe gumu, ya zambarau, miaka sita iliyopita. Inatambaa kama rangi inayomwagika polepole, ukingo wake mweupe. Jana, nilipokuwa nalowesha pampu kwenye siki ili ganda la chokaa litoke, mama aliniita kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo. Plasta ya babu imebaki wazi upana wa ukucha wa kidole gumba.