Maua ya yuka: nilivyoyatoa uchungu baada ya kupotezwa na ushauri wa muhogo

Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo, maana ningepata mtu wa kuniambia mapema nisingetupa karai zima la maua mazuri. Nina mti wa yuka, Yucca gigantea, ule mrefu ambao majani yake hayachomi nchani kama yuka nyingine, ukichanua unatoa shada kubwa la vikengele vyeupe. Kwamba maua yake yanaliwa nilishajua, watu wa El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati, ndo ua lao la taifa na wanalila, ila nilijua pia yana saponini, ile sumu ya mimea inayotoa povu kama sabuni. Uchungu wake unaganda kooni, na ukila nyingi tumbo linavurugika kwelikweli.

Basi nikauliza watu, nitoeje hiyo saponini? Jamaa mmoja akanijibu kwa kujiamini kabisa, loweka siku 3, sianidi yote itatoka, usiogope. Neno sianidi lilinishtua nikaona huyu anajua kuliko mimi. Nikaloweka.

Siku ya kwanza maji yakawa na rangi ya chai nyepesi, nikafurahi, nikasema uchungu unatoka huo. Siku ya pili petali zikaanza kulegea, ukizishika zinateleza, kingo zimekuwa za kahawia na juu ya maji kuna vipovu vidogo vinapanda vyenyewe bila mtu kugusa karai. Siku ya tatu nilipofunua harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili, imechacha, na nilipoingiza mkono nikatoa mlenda mtupu, huwezi kujua petali ni ipi na mbegu changa ni ipi. Karai zima nikamwaga shimoni.

Nikamrudia yule jamaa nikamwambia ndugu yangu, maua yameoza. Akanitumia picha kunionyesha yeye anavyofanya na yanatoka safi. Nikafungua picha, naona mihogo! Imemenywa, iko kwenye ndoo.

Kumbe shida ni jina. Muhogo kwa Kihispania ni yuca, neno la watu wa visiwa vya Karibea, na mmea wangu ulipewa jina hilohilo kimakosa zamani sana, Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 akaliandika Yucca rasmi na kosa likabaki hadi leo. Ni mimea miwili tofauti kabisa. Muhogo una linamarini, kitu kinachobeba sianidi ndani yake, ukiulowesha ukalainika kimeng'enya chake kinakutana na hiyo linamarini kinaivunja, sianidi inatoka, tena sianidi inachemka kwenye nyuzi 26 tu za sentigredi ndo maana hata kwenye kupika watu wanaacha sufuria wazi. Ushauri mzuri sana huo, kwa muhogo. Saponini yenyewe haina habari ya kupaa na mvuke, na moto wa kawaida wa jikoni hauivunji vya kutosha, inachofanya ni kuyeyuka kwenye maji. Kwahiyo kazi yote ni kuihamishia kwenye maji halafu maji yale uyamwage. Hilo tu ningeambiwa siku ya kwanza!

Shada lililofuata nikalichuma asubuhi, nikalikung'uta vizuri wadudu watoke, nikakaa chini na kisu kidogo. Hapa ndo pana kazi na watu wengi wanaruka. Kila ua lina petali 6, stameni 6 (vijiti vya kiume vyenye chavua), na katikati kuna pistili, sehemu ya kike ya ua, nene ya kijani mpauko kama kidole cha mtoto. Ile pistili nilionja kipande kama punje ya mchele nikatema, ulimi ulibaki mzito muda mrefu, halafu nikaonja petali ya ua hilohilo, uchungu upo lakini kwa mbali. Nikazitoa pistili na stameni zote, nimebaki na petali tu. Usione uvivu, ukiacha hata chache zinaharibu sufuria nzima.

Kuchemsha nilichemsha mara tatu, dakika kama 5 kila mara, kila mara maji mapya. Na hapa pia nilishapata ushauri wa ajabu, dada mmoja akaniambia usimwage maji virutubisho vinaondoka, tengenezea supu. Jamani, ndo hayohayo maji tuliyoyabebesha sumu! Mwaga.

Sasa swali langu lilikuwa, nitajuaje imetosha? Nikapata wazo ambalo najivunia mpaka leo. Kama saponini inatoa povu, si nilitumie hilo povu? Nikachukua chupa za jamu zenye vifuniko, kila baada ya kuchemsha naweka vidole viwili vya maji yale, nayaacha yapoe, natikisa kwa nguvu nikihesabu hadi 30, naweka mezani naangalia. Maji ya kwanza povu lilipanda hadi karibu na kifuniko, jeupe, zito, dakika 10 baadaye bado limesimama. Ya pili nusu yake. Ya tatu nilitegemea lipotee, ila likapanda vizuri tu! Nikachemsha ya nne, povu. Ya tano, povu, na petali zimeshakuwa uji. Nilikuwa nimeshabeba sufuria kwenda kumwaga nikasimama, nikachukua chupa ileile, nikaisuuza mara moja, nikatia maji matupu ya bomba, nikatikisa. Povu! Ilikuwa sabuni ya kuoshea vyombo, haikusuuzwa vizuri. Toka siku hiyo chupa nasuuza mpaka maji matupu yasitoe kitu, na kila nikipima naweka chupa moja ya maji matupu pembeni ya kulinganishia. Hiyo chupa ya pembeni usiiache.

Gharama sijapiga hesabu, ni maji na gesi tu, ila maji yanaenda mengi.

Msichukue njia hii mkaipeleka kwenye kila ua lakini. Ua la boga likiwa chungu kupita kawaida hiyo ni kukabitasini, sumu chungu ya jamii ya maboga, kuchemsha hakukusaidii, tupa. Maua ya boreji, ule mmea wa bustani wenye maua ya bluu, yana sumu za ini ambazo nazo kuchemsha hakuzimalizi. Povu linakwambia habari za saponini, basi, mengine yote halioni. Na kama yuka yako ni ya urembo na imewahi kupigwa dawa ya wadudu usiile, dawa nyingine zinaingia ndani ya mmea, utaosha mpaka uchoke. Mbwa na paka wasisogee kwenye mabaki, saponini inawasumbua sana. Na mara ya kwanza kula vijiko viwili vitatu usikilize tumbo, mi nilifanya hivyo na nikasubiri kesho yake.

Shada la juzi nililipima maji ya tatu, chupa zote mbili nikazitikisa kwa pamoja, moja mkono wa kulia moja wa kushoto, nikaziweka mezani. Ya maji matupu ikatulia. Ya maua ikabaki na kiduara chembamba ukingoni, nacho kikapasuka kabla sijamaliza kukata kitunguu. Nikazikamua petali, nikawasha moto, nikazikaanga.