Hodi ya balkoni

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Nilisimama balkoni, simu sikioni, nikizungumza na mdogo wangu aliye Uvira kuhusu mahari. Wakwe walitaka ng'ombe wawili juu ya wale tuliokwisha kukubaliana, na mimi mkubwa wa familia nilikuwa natafuta maneno ya kukataa bila kumharibia kijana ndoa. Nilipokata simu tu, sauti ikatoka nyuma ya tripleksi, ule ubao mwembamba unaotutenga na jirani:

“Jirani, unisamehe, sikupashwa kusikia. Lakini musikubali wawili. Mutoe mmoja na mbuzi, watapokea.”

Shauri lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Ungekuwa upuuzi ningecheka tukalala. Usiku ule nikaanza kuhesabu yote niliyowahi kuyasema pale balkoni tangu tuhamie: mshahara uliochelewa, ugonjwa wa mama, maneno niliyomsengenya bayeri, mwenye nyumba. Yote yalikuwa na msikilizaji.

Tunapanga katika nyumba ya etaji huku Ibanda, Bukavu, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa bado Costermansville. Kuta ni nene, zina nyufa mbili tatu ambazo wazee wa parsela wanasema ni za tetemeko la Februari 2008. Ghorofa yetu zamani ilikuwa ya familia moja. Bayeri akaigawa mbili ili apate kodi mbili. Ndani alijenga ukuta wa matofali, lakini nje, kwenye balkoni ndefu inayotazama ziwa, alisimamisha tripleksi moja nyembamba, tena haifiki ukingoni. Pamebaki nafasi ya kupitisha kichwa. Na kichwa kilikuwa kinapita, asubuhi na jioni.

Anayeijua Bukavu ataelewa kwa nini hatuwezi kuiacha balkoni tukaishi ndani. Mji umepanda juu ya miteremko. Dirisha letu la nyuma linatazama udongo wa mlima, mkono ukinyosha unaugusa. Mwanga uko upande wa ziwa. Mtandao wa simu unashika upande wa ziwa. Nguo zinakauka huko, mbabula, jiko la mkaa, inakaa huko, na SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme watu wote wanahamia huko. Kwa hiyo jirani yangu, ambaye jina lake silianiki hapa, hakuwa mdukuzi. Alikuwa kwake, amekaa kwenye kiti chake, anachambua lengalenga.

Lakini hayo nayafikiri sasa. Wakati ule nilikuwa na hasira, nikaenda soko la Kadutu kununua shitingi, ile ngumu ya kuezekea, nikaifunga kwa waya kutoka dari hadi sakafu. Usiku kucha ilipigapiga kwa upepo kama tanga. Tulilala vibaya sisi, wakalala vibaya na wao.

Siku ya kwanza salamu ilipungua. Yule mama alizoea kuanza na “Jambo jirani, mumeamka? Watoto wameamka? Mama mgonjwa anaendelea namna gani?” Sasa ikawa “Jambo,” basi. Siku ya pili mtoto wao mdogo, anayependa kuja kucheza na wetu, hakuja. Siku ya tatu alikuja, ila ameleta kinu chetu na chekecheo, vimeoshwa vikang'aa. Mke wangu alivipokea akanitazama. Vitu vya kuazimana vikirudi vyote kwa mara moja, tena visafi hivyo, hakuna haja ya kuelezwa.

“Umewafungia watu mlango usoni,” akasema.

Nilimpigia shemeji, mume wa dada yangu. Ni mtu wa Mombasa, na kwa miaka mingi alitandika vyumba vya wageni kwenye meli za kitalii. Nilitaka anihurumie. Akacheka hadi akakohoa.

“Shemeji, hiyo balkoni yako ndiyo ilikuwa kazi yangu.”

Akanieleza kwamba kwenye meli hizo vyumba vya balkoni vimepangwa safu ndefu, na kati ya balkoni na balkoni kuna kibao chembamba tu. Sauti inapita. Meli nyingine kibao hicho kina kufuli, mhudumu anaweza kukifungua familia iliyochukua vyumba viwili ikiomba. Wageni wanaojua adabu hawachungulii pembeni ya kibao. Usiku wanashusha sauti, maana jirani huenda amelala mlango wazi apate kusikia maji. Nguo za kuogelea hawazitundiki ukingoni, upepo utazipeleka kwa wa chini au baharini. Macho yakigongana, mkono unainuka kidogo, kisha kila mtu na bahari yake.

Kisha akauliza, “Na wewe bado unavuta sigara?”

Nikanyamaza. Akanisimulia habari ya meli ya Star Princess, iliyowaka moto katika bahari ya Karibi Machi 2006. Moto ulianzia balkoni. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kipande cha sigara. Vibao vya kutenganisha balkoni vilikuwa vya plastiki iitwayo polikaboneti, na moto ukapanda navyo ghorofa hadi ghorofa. Abiria mmoja alikufa. Leo kampuni nyingi kubwa haziruhusu kabisa kuvuta balkoni.

Nilipokata simu niliiangalia shitingi yangu, plastiki tupu, na mbabula ya jirani hatua mbili upande wa pili. Niliifungua jioni ileile, na waya zikanikata kidole.

Hata hivyo adabu ya meli sikuweza kuihamishia hapa jinsi ilivyo. Jirani wa meli mnaachana baada ya siku chache. Jirani wa Bukavu ndiye atakayepika msibani kwako. Ukimwinulia mkono tu bila kumuuliza habari za watoto, umemtukana. Nilihitaji namna ya kusalimiana vizuri halafu kila mmoja arudi kwake, na hilo shemeji hakuwa nalo.

Jumapili mke wangu alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tukazifunika sahani, tukatoka kwa mlango wetu, tukapita koridoo, tukapiga hodi kwenye mlango wao. Pale ndipo niliposhtuka: karibu mwaka mzima wa ujirani, sikuwahi kuupiga hodi mlango ule. Mambo yetu yote yalipitia kwenye ile nafasi ya kichwa, na pale hodi haikuwepo.

Walitukaribisha. Nikaomba msamaha kwa ajili ya shitingi. Yule mama akasikiliza, kisha akatoa orodha yake. Majivu yangu ya sigara yalikuwa yakiangukia nepi za mtoto wake. Redio yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Na mengine, akasema, hatayataja mbele ya watoto. Mke wangu akainamia sambaza.

“Unafikiri ninapenda kusikia?” akaniuliza. “Masikio haina pazia.”

Tulipatana palepale. Ukingo wa balkoni ni wa chuma, kwa hiyo anayetaka kuongea agonge mara tatu kwa pete au sarafu, angoje “karibu”. Asiyejibu hayupo. Bwana wake alipinga: “Nikiona mguu wako, utasemaje haupo?” Tulibishana hapo muda mrefu kuliko penginepo, tukaamua kwamba mguu hauhesabiki.

Sigara nazivutia chini, uani. Redio nimeipeleka chumba cha nyuma. Moshi ulihitaji akili kidogo: mchana upepo unatoka ziwani na kuusukuma wote ndani ya nyumba, usiku unageuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo makala, yaani mkaa, ya mchana jirani anayawashia uani mpaka yawe mekundu, moshi umekwisha, ndipo anapandisha mbabula. Simu za maana nazipiga nimekaa kwenye kigoda, chini ya usawa wa tripleksi, maana niligundua kwamba nikisimama sauti inagonga dari na kushuka upande wake yote. Nafasi ya kichwa tumeijaza maua ndani ya bidoni zilizokatwa, mbili zake, mbili zangu. Wa ghorofa ya juu bado wanamwaga maji ya kuoshea vyombo juu ya maua hayo, hao hatujawaweza.

Kinu kilirudi kwake kabla ya wiki kuisha.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga simu usiku: wakwe wamepokea ng'ombe mmoja na mbuzi. Niliruka kutoka kwenye kigoda, nikagonga chuma mara tatu. Kimya. Nikagonga tena, nikangoja. Kati ya majani ya maua niliuona mguu wake, umevaa kambambili ya bluu, unatikisika polepole.

Nikarudi ndani. Nilimwambia asubuhi.