Beringi ya Gurudumu la Mbele Iliyokwama

Mlio wa upande wa kushoto wa Toyota Corolla yangu ulizidi kila nilipokata kona kuelekea kulia, kwa kuwa hapo uzito wa gari huegemea gurudumu la kushoto, na gurudumu hilo lilipoanza kugoma kuzunguka nilijua kwamba beringi imekwisha.

Kabla ya kupiga jeki nililegeza nati kubwa ya shafti inayozungusha gurudumu kwa spana ya boksi ya milimita 30, mdogo wangu akiwa amekanyaga breki. Kisha niliweka stendi imara, nikafungua kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki, na kuining'iniza kwa waya ili mpira wa breki usibebe uzito.

Kazi iliyonitesa ilikuwa kuitoa habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ilipochomoka kwa nyundo, ringi ya ndani ya beringi ilibaki imeng'ang'ania juu yake, imebadilika rangi kwa joto. Niliisaga kwa grainda sehemu moja tu, nikasimama kabla ya kugusa chuma cha habu, kisha nikaipasua kwa tindo.

Beringi mpya sikuigongelea kwa nyundo. Niliipeleka kwenye preshi, mashine ya kukandamiza, ya karakana jirani, na naamini huo ndio uamuzi bora niliofanya siku hiyo. Beringi inapoingizwa kwenye nyumba yake, yaani tundu linaloishika, nguvu lazima ikae kwenye ringi ya nje. Habu inapoingizwa, ringi ya ndani ndiyo ishikiliwe, vinginevyo gololi huchonga njia zake na mlio hurudi mapema.

Sasa gurudumu linazunguka kimya.