Wepesi wa Begi Langu

Mume wangu huanza kufungasha siku nane kabla ya safari. Siku hiyo hulishusha begi kubwa kutoka juu ya kabati, hulifungua zipu zote na kulianika uani hadi harufu ya kufungiwa iishe, kisha huliweka wazi kwenye kona ya chumba chetu, na tangu hapo hadi asubuhi ya kuondoka kila apitapo huliongezea kitu. Mimi hufungasha usiku wa kuamkia safari, vyombo vikiwa vimekwisha kuoshwa na watoto wamelala kwa bibi yao, na kazi yote haizidi nusu saa. Tumeoana miaka 11 sasa, tunaishi Chumbageni hapa Tanga, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwa dhati kwamba mimi ndiye ninayejua kusafiri.

Tofauti hii hatukuizua sisi. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akitoka Pangani kuja Tanga mjini karibu kila wiki kwa biashara ya samaki wakavu, na alitufundisha kwamba mtu asichukue kitu asichoweza kukimbilia nacho gari. Baba mkwe wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia yake ilihamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine katika njia ya Tanga kwenda Moshi, kwa hiyo mume wangu alikua akijua kwamba kilichosahaulika nyuma hakirudi, kwa kuwa nyumba yenyewe imekwisha kuingia mtu mwingine. Leo yeye ni karani wa ghala, na kazi yake ni kuhesabu vitu vinavyoingia na vinavyotoka. Kwake kitu kisichoandikwa hakijapakiwa.

Orodha yake huiandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la mistari, nguo upande mmoja na kila kisichokuwa nguo upande wa pili, na kila kinachoingia begini hukiwekea alama. Ndani ya begi vitu havikai ovyo. Zamani alikuwa akivitenganisha kwa mifuko ya rambo, lakini mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mama mkwe alimpa foronya kuukuu tano ambazo alikuwa amezishonea kamba za kukazia mdomoni, na mpaka leo foronya hizo ndizo mpango mzima wa safari zetu. Ya maua mekundu ni ya dawa, ya mistari ya buluu ni ya chaja na tochi, nyeupe iliyofifia ni ya vitu vya kuogea, na mbili zilizobaki ni za nguo za baridi na nguo chafu. Nimeziona mara nyingi kiasi kwamba naweza kuzitambua gizani kwa kuzigusa. Kwa miaka mingi, hata hivyo, sikuwahi kufungua hata moja ili nijue kilichomo.

Tuligombana kuhusu begi hilo karibu kila likizo. Nilimwambia kwamba hatuhami, kwamba tunakwenda kulala siku tano tu, kwamba huko tuendako kuna maduka. Yeye alinijibu neno lile lile kila mara: akiba haiozi. Tulipokwenda Pemba kwa ndege ndogo, ambazo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, alilipeleka begi kwa muuza mchele wa mtaani na kulipima kwenye mizani yake, likawa kilo 19, akarudi nalo nyumbani bila kusema kitu, akatoa sufuria na pasi, akalipima upya. Nilimshangilia kana kwamba nimeshinda kesi. Wifi yangu, aliyekuwepo siku hiyo, aliniambia, "Wifi, mwanamume anayejua soksi zako zilipo usimlalamikie." Maneno yale niliyasikia, lakini niliyachukulia kuwa ya dada anayemtetea kaka yake.

Kisha ikaja Julai ya mwaka juzi. Mume wangu alikuwa amepata likizo yake ya mwaka, zile siku 28 ambazo sheria inampa mwajiriwa, nami shule ilikuwa bado imefungwa, tukaamua siku tano za mwanzo ziwe za Lushoto, sisi wawili peke yetu. Tulifika stendi ya Kange tukiwa tumechelewa, na kuchelewa kwenyewe kulitokana na mimi, kwa sababu gauni nililotaka kulivaa lilikuwa bado linahitaji kupigwa pasi. Basi la moja kwa moja la Lushoto lilikuwa limeondoka, kwa hiyo tukapanda la Arusha ili tushukie Mombo, chini ya milima ya Usambara. Begi lake likaingia kwenye buti, langu la mgongoni nikalipakata. Pale Mombo, katika msongamano wa abiria wanaoshuka na wauza matunda wanaokimbilia madirishani, utingo alishusha mabegi matatu, akafunga buti, basi likaondoka. Letu halikuwa miongoni mwa yale matatu.

Mume wangu alisimama kando ya barabara akiwa ameshika daftari lake. Hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Tulipiga namba iliyokuwa kwenye tiketi, ikaita bila kupokelewa, na kwa kuwa jua lilikuwa linainamia milima, tukaingia kwenye gari dogo la kupanda Soni hadi Lushoto. Njia ile haifiki kilomita 40, lakini ina kona nyingi na inapanda bila kupumzika, na dereva alipofungua dirisha baada ya Soni nilihisi hewa niliyokuwa nimeisahau kabisa nilipokuwa nafungasha.

Hesabu yake si ngumu, na mimi ni mwalimu, ningeweza kuifanya nikiwa nyumbani. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi sita, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Tanga na jioni yake ya Julai, ambayo kwetu ni ya kujifunika shuka moja, unaingia jioni nyingine iliyopungua nyuzi nane au tisa, na usiku unapokucha inakuwa imepungua zaidi. Nilifungua begi langu jepesi kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, nikatoa magauni mawili ya pamba, doti moja ya kanga, mtandio, nguo za ndani, mswaki na kichupa cha mafuta ya nazi. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yetu yote.

Nilichukua mswaki, nikatafuta dawa ya meno, na papo hapo nikakumbuka kwamba mimi huwa sifungashi dawa ya meno. Sijawahi. Huwa iko kwenye foronya nyeupe. Sabuni pia iko humo, na taulo, na kikata kucha. Kichwa kilikuwa kinanigonga kutokana na zile kona, na vidonge vya kichwa vilikuwa kwenye foronya ya maua mekundu. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo mno, na chaja yangu, chaja yangu mimi, ilikuwa kwenye foronya ya mistari ya buluu, kwa sababu miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiichomoa ukutani asubuhi ya safari na kuitia humo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikaviorodhesha moyoni, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa changu kilichobebwa na mtu mwingine.

Kichupa cha mafuta nacho kilinifunza jambo. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwetu pwani ni nadra kuyaona yakiganda, kwa hiyo nilikuwa nimeyatia kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba bila kuwaza. Usiku ule yalikuwa meupe na magumu kama nta. Mume wangu alikichukua, akakishika kwapani chini ya shati lake kwa muda mrefu huku tukizungumza, mpaka yakalainika kwa kutosha kunipaka mikono. Kanga tuligawana, yeye kipande kimoja mabegani na mimi kimoja, na blanketi la nyumba ya wageni likawa juu yetu sote. Hakuniambia, "Nilikwambia." Katika ndoa yetu sikumbuki usiku mwingine ambao kutosemwa kwa neno moja kulinigusa kiasi kile.

Asubuhi mwenye nyumba ya wageni alitukopesha simu, tukampata kondakta, naye akathibitisha kwamba begi limefika Arusha salama na litarudishwa Mombo na basi la kesho yake. Tulinunua sweta mbili za mtumba sokoni, dawa ya meno na sabuni, tukatembea hadi Irente, tukasimama ukingoni mwa lile jabali tukiangalia nyika iliyo chini, na kusema kweli siku ile ilikuwa nzuri bila begi. Hapo nilikuwa na haki tangu mwanzo: maduka yapo, na mtu hafi kwa kukosa pasi. Siku iliyofuata aliteremka Mombo peke yake, akarudi saa nane mchana na begi begani. Alipofungua foronya ya nguo za baridi, juu kabisa palikuwa na sweta yangu ya kijani na jozi mbili za soksi zangu. Alikuwa amezitoa kabatini kwangu siku nane kabla ya safari na kuziandika kwenye orodha.

Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kawaida methali hiyo humsuta anayedharau taabu ya mwingine. Nilikuwa nimeijua tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu. Wepesi wangu wote ulikuwa umewekezwa ndani ya uzito wake. Nilikuwa nikitembea stendi mikono mitupu, nikimsubiri kwa subira ya mtu anayesamehe, huku dawa yangu, taulo langu na joto langu vikiwa mgongoni kwake.

Sisemi kwamba kila anachobeba kina haki ya kubebwa. Sufuria haina kazi Lushoto, jozi tatu za viatu kwa siku tano ni nyingi, na hata leo tunabishana juu ya pasi. Nguo mbili nyembamba zilizovaliwa moja juu ya nyingine huweza kuhifadhi joto la mwili kuliko moja nzito, kwa sababu hewa hunaswa kati yake, na hoja hiyo imeniwezesha kulitoa begini koti moja kubwa lililokuwa likila robo ya nafasi. Lakini siku hizi tunabishana tukiwa tumekaa pamoja mbele ya begi lililo wazi, na huo ni ubishi wa aina nyingine kabisa. Tumekubaliana pia kwamba nusu ya nguo zangu ziende kwenye begi lake na nusu ya zake ziende kwenye langu, ili begi moja likipotea asiwepo kati yetu atakayebaki bila kitu. Vitu ambavyo havina mwenyewe, kama dawa, sabuni, chaja na tochi, ndivyo tunavyovizungumza kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo kila mmoja hudhani mwenzake amevichukua, au, kama ilivyokuwa kwangu, hata hakumbuki kwamba lazima kuna mtu aliyevichukua.

Mwezi ujao tunapanda tena Usambara, safari hii hadi Mtae. Begi lilishushwa jana kutoka juu ya kabati. Foronya ya maua mekundu na ile nyeupe sasa zinakaa kwenye begi langu, ambalo kwa mara ya kwanza limekuwa na uzito wa kunifanya nilihamishe kutoka bega moja hadi jingine. Kwenye daftari, chini ya mwandiko wake, kuna mistari sita ya mwandiko wangu. Na mafuta ya nazi nimekwisha kuyahamishia kwenye kopo lenye mdomo mpana.