Siku moja maishani mwangu: kazi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuona baada ya kiharusi

Saa 2:00 asubuhi. Naanza na mafaili. Kiharusi au jeraha la kisogoni linaweza kuyaacha macho yakiwa mazima kabisa na mtu bado asione nusu ya kilicho mbele yake, kwa sababu kuona hukamilikia ubongoni. Natafuta mambo matatu: ni upande gani wa ubongo umeumia, muda gani umepita, na kama mgonjwa ana miwani yake ya kila siku. Hilo la mwisho husahaulika sana wodini, kisha mtu anafeli vipimo ambavyo angevipita.

Muda una uzito wake. Uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo mtu huliona akitazama mbele bila kuzungusha macho, hujirudia wenyewe zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Ikipita miezi 6, ni nadra upanuke wenyewe. Hapo kazi yetu kubwa inakuwa kumfundisha kuutumia ule uliobaki.

Saa 2:30. Vipimo. Kosa linaloharibu tiba kuliko mengine ni kumchanganya mgonjwa asiyeona upande wa kushoto na yule anayeupuuza. Wa kwanza kwa kawaida hujijua, na hugeuza kichwa kutafuta. Wa pili, ambaye mara nyingi ameumia ubongo wa kulia, hajui kama kuna kitu kimekosekana. Anaacha nusu ya chakula kwenye sahani na kuomba kingine.

Tunakaa uso kwa uso, umbali wa kama mita 1. Anaziba jicho moja, anatazama pua yangu, nami nachezesha kidole pembeni, kisha narudia kwa jicho la pili. Halafu macho yote wazi, nachezesha vidole pande zote mbili kwa pamoja. Akikiona cha kushoto kikiwa peke yake, lakini vikiwa viwili akataja cha kulia tu, shida iko kwenye umakini.

Kisha karatasi ya A4, ielekee katikati ya kifua chake, imebandikwa mezani kwa gundi ya utepe. Isipobandikwa, anayepuuza kushoto ataisogeza kulia na kipimo kimeharibika. Anagawa mstari mrefu katikati. Anayepuuza huweka alama mbali kulia. Asiyeona kushoto mara nyingi huikosea kidogo kuelekea kushoto, kwenye upande ule ule asiouona. Kisha karatasi ya nyota, ambapo mgonjwa hukata kwa kalamu kila nyota ndogo anayoiona. Ina nyota ndogo 56 zilizochanganywa na nyota kubwa, herufi na maneno; mbili za katikati ni za kuonyeshea, 54 zinahesabiwa. Mimi huangalia kwanza alipoanzia. Msomaji wa maandishi yanayotoka kushoto akianzia kulia kabisa, nimeshapata nusu ya jibu.

Saa 4:00. Mazoezi ya kupekua kwa macho. Macho ya asiyeona upande mmoja huingia upande huo kwa miruko midogo midogo, na kila mruko unampotezea muda. Tunamfundisha kuruka mara moja, kupitiliza hadi ukingoni, kisha kurudi taratibu. Utepe mwekundu unabandikwa ukingo wa kushoto wa ubao. "Mzee, tafuta wekundu kwanza, ndipo uanze kusoma namba." Dakika 20 hadi 30, na mapumziko kila anapoanza kukosa vitu alivyokuwa akiviona, ubongo ulioumia huchoka haraka, na kumlazimisha ni kumfanyisha zoezi la kukosea. Baadaye tunaupunguza utepe, kisha tunauondoa na kuhamia kwenye korido. Wengi hufaulu mezani wakagonga fremu ya mlango, kwa hiyo korido hairukwi.

Saa 5:30. Kusoma. Aliyepoteza kulia ndiye anayeteseka zaidi, kwa kuwa msomaji huhitaji kuona herufi zinazokuja mbele ya jicho. Anasoma mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho. Anafundishwa kupeleka jicho mwisho wa neno kwanza. Aliyepoteza kushoto hupotea anaporudi mstari mpya. Kidole gumba mwanzoni mwa mstari kinatosha kumsaidia.

Saa 8:00 mchana. Miwani ya prizimu, kwa wanaopuuza kushoto. Inasogeza kila kitu nyuzi 10 kulia. Mgonjwa ananyoosha mkono haraka kugusa nukta, mara 50 au zaidi, huku mwanzo wa safari ya mkono umefichwa chini ya kibao. Mwanzoni anakosea kulia, kisha anajirekebisha. Miwani ikivuliwa, mkono unapaswa kukosea kushoto. Usipokosea, ubongo haujazoea na zoezi halijafanya kazi. Sababu ya kawaida ni mkono kwenda polepole, ukasahihishwa njiani. Njia hii ilielezwa na Yves Rossetti na wenzake mwaka 1998. Matokeo yake hutofautiana sana kati ya wagonjwa, na familia huambiwa hivyo tangu mwanzo.

Saa 9:30. Asiyetambua anachokiona. Anaweza kueleza kitu ni kirefu, kinang'aa, kina meno, asijue ni ufunguo hadi aushike. Tunaanzia hapo hapo: ashike, ataje, kisha atazame sehemu moja moja. Kwa nyuso, tunategemea sauti, mwendo na nywele.

Saa 10:00. Familia. Lalamiko la kila siku ni "anaona akitaka." George Riddoch, daktari, alieleza mwaka 1917 askari waliojeruhiwa kichwani ambao kwenye upande wao wa upofu walihisi kitu kinachotembea lakini si kilichotulia. Mgonjwa wao anaweza kuwa hivyo hivyo; hawadanganyi. Nawaonya pia kuwa anaweza kuona watu au michoro isiyokuwepo upande huo. Mara nyingi ni ubongo kujaza pengo, si wazimu, lakini daktari aambiwe. Kuendesha gari ni marufuku hadi uwanja wa kuona upimwe kwa mashine.

Saa 10:45. Kuandika. "Anaendelea vizuri" haimsaidii mtu. Naandika nyota alizokosa kila upande, muda aliotumia, alipoanzia, na toleo la karatasi, maana akipewa ile ile wiki ijayo atakuwa ameikariri.